Konokono Inayozunguka Kushoto

Kilima cha Rushabura, Masisi
11 Machi 2024

Verdiane, mutoto wa ndugu yangu,

Pokea salamu hizi mbele zipoe. Mimi niko. Magoti pia iko, lakini hatusikilizani tena: mimi ninasema twende, yenyewe inasema kaa. Bihogo alizaa ndama dume, kichwa nyeupe kama padiri muzee. Maharagi ilichanua vizuri, kisha mvua ya mawe ikapiga nusu; nusu iliyobaki tunagawana na panya, na panya njo wanagawa. Salimia Honoré bwana yako. Umwambie kama kukoroma kwake kunasikika mpaka huku, na juma lililopita watu wa kilima walikimbia na magodoro wakizani ni mizinga.

Sasa tuache utani. Hapana, tusiuache, bila utani nitapasuka kwa hasira.

Tuyizere, motari wetu wa pikipiki, alinifikishia maneno yako ya kinywa. Ati ulienda mu semina kule Walikale, na mwalimu wa semina, na kravati yake mu jua kali vile, akakusimamisha mbele ya watu: «Mama, avantage yako ni nini? Kitu gani inafanya mutu apite fromaji ya wengine, aje kununua ya kwako?» Na wewe ukakosa jibu. Verdiane! Ulianza kutafuna fromaji yangu toka ulikuwa na meno mbili, moja juu na moja chini, hata hazikukutana, na ukakosa jibu?

Andika basi, umupelekee bure. Fromaji yetu (jibini, kama angesema mutu wa pwani) inanunuliwa sababu mimi ninaonja kila bidoni ya maziwa ya jirani na kijiko, na yule aliyetia maji ninamurudishia bidoni yake na unyasi mumoja ndani, bila kusema kitu. Anajua. Wengine hawajui. Kesho analeta maziwa ya kweli, tena analeta kwangu, sababu nilimwachia uso wake, sikumuaibisha. Inanunuliwa sababu inagandishwa na tumbo ya ndama, si na unga ya mu kopo. Inalala miezi mbili juu ya ubao, na mimi ninaigeuza kila asubuhi kama mutoto mwenye homa. Lakini hayo yote mutu mwenye akili kidogo anaweza kufanya. Iko kitu moja hawezi, na wewe unaijua: vitunga vya marehemu Mukandori, mama yako mukubwa.

Yeye njo alisuka vile vitunga vya mwanzi tunamwagia maziwa iliyoganda, kitunga moja, fromaji moja. Na mwanamuke yule alikuwa wa mukono wa kushoto. Nilimuoa bila kujua: nilimuona kanisani, mikono yake miwili imeshikana mu sala, ningejuaje? Basi kitunga yake inaanza katikati na kuzunguka upande wa kushoto, na inaacha alama ile chini ya kila fromaji, konokono inayokwenda kinyume na konokono wote wa Mungu. Watu wa Ntoto, wanaonunua ku duka yako, hawaulizi «iko fromaji?» Wanauliza «iko Konokono?» Si vile?

Ninakukumbusha sababu Karangwa alikuja hapa. Karangwa yule wa bonde, mwenye laiteri, nyumba ya kutengenezea maziwa, yenye mabati mapya, na frigo, na etiketi yenye ngombe amevaa taji. Ngombe gani alivikwa taji mu Masisi? Tangu njia ya Goma ilifungwa na vita pale Sake, na kufika Mubambiro imekuwa kama kufika mbinguni, kila mwenye fromaji hapa amegeuza uso upande wa kwenu, Walikale, na yeye wa kwanza. Alikunywa kasiksi yangu ya ndizi chupa mbili, akanisifu, na nilipoingia ndani kutafuta ya tatu, nikarudi nikamukuta anapiga vitunga picha na telefone. Nilimuonyesha mulango na fimbo. Akileta fromaji yake kwako, umufukuze vile vile.

Ulizoea fromaji kumi na mbili. Mara hii ninatuma mbili. Kosa ni ya barabara. Usiulize sana.

Ni mimi papa yako mukubwa, niko na meno sita na hasira yote,
Kanyamibwa


Ntoto, 2 Aprili 2024

Papa Mukubwa mupendwa,

Ninakusalimia kwa heshima, na ninamushukuru Mungu kwa magoti yako, hata kama yamegoma. Sisi tuko salama. Astrid amepoteza jino la mbele na hataki tena kucheka mbele ya watu. Muhogo tulivuna vizuri. Honoré anasema yeye hakoromi, anafikiri kwa sauti.

Fromaji mbili zimefika. Ziliisha mbele Tuyizere ashuke kwenye pikipiki. Watu saba walirudi mikono mitupu, na wa mwisho, mama muuguzi wa kituo cha afya, aliniambia: «Verdiane, Konokono yenu imekuwa kama mvua ya mwezi wa saba.» Kisha akavuka njia akanunua ya Karangwa kwenye duka ya ng'ambo. Niliona na macho yangu. Karangwa analeta kila Jumanne. Hakosi. Si nzuri, Papa Mukubwa, inanata mu meno kama mpira wa kiatu, lakini iko.

Mu semina walitufundisha kwamba kupata avantage ni jambo moja, kuilinda ni jambo lingine. Mutu akikuta duka yako tupu mara tatu, mara ya nne hakumbuki utamu, anakumbuka kutembea bure. Hilo ndilo lilinifunga kinywa mbele ya yule mwalimu. Utamu wa fromaji yako ninaujua.

Kwa hiyo ninakuuliza mambo mawili, na ninaomba unijibu bila mafumbo. Unaweza kuzitoa baada ya mwezi mumoja, badala ya miwili? Na vitunga vya Mama Mukandori, vimebaki ngapi? Hapa Ntoto kuna fundi wa vitunga, mikono yake mizuri. Anaweza kusuka vingine nikimuonyesha.

Juu ya barabara nimemuuliza Tuyizere. Anasema barabara ni ile ile.

Mutoto wako,
Verdiane


Rushabura, 20 Aprili 2024

Verdiane,

Salamu kwako, na kwa Astrid (umwambie mimi ninacheka na meno sita na hakuna mutu aliyekufa), na kwa mufikiri wako wa kitandani. Ndama wa Bihogo ananyonya vizuri. Mbuzi ya jirani ilikula kalenda yangu, kwa hiyo kama tarehe ya pale juu si ya kweli, umulaumu mbuzi.

Mwezi mumoja! Wewe mwenyewe ungetoka tumboni mwa mama yako mu mwezi wa tano, leo tungekuita nani? Fromaji ya mwezi mumoja ni maziwa iliyovaa koti.

Na huyo fundi, ati mikono mizuri. Karangwa pia iko na mikono mizuri, niliiona ikishika telefone. Sikiliza. Mimi nilifika mwaka wa ine wa primaire, mwalimu akachoka na mimi, mimi nikachoka na yeye. Lakini hii ninaijua: kitu ambayo mutu anaweza kununua ku soko, haiko yako, iko ya soko. Ngombe? Karangwa alinunua. Chumvi? Alinunua. Habineza, mwenye alinisaidia miaka kumi kugeuza fromaji, alimununua pia, na mushahara na buti ya plastiki. Etiketi, mashine inatapika elfu moja kwa siku. Lakini mukono wa kushoto wa mwanamuke aliyekufa, huo atanunua wapi? Njo sababu ninakaa juu yake kama kuku juu ya yai. Siku fundi wako atasuka konokono, kesho yake Karangwa atakuwa na konokono makumi, na kesho kutwa Konokono itakuwa jina ya kila uchafu wenye chumvi.

Kwa hiyo hapana. Na ninaweka hapana ya pili, kama ile ya kwanza inaanguka njiani.

Tuyizere ni motari, hakusomea barabara. Afunge kinywa.

Ninatuma mbili.

Kanyamibwa

Ile swali yako ingine sikuisoma vizuri. Mbuzi alikuwa karibu.


Rushabura, 23 Juni 2024

Verdiane,

Leo hakuna habari ya magoti. Hakuna ya mbuzi. Ninakusalimia sababu hata adui anasalimiwa. Astrid ninamusalimia peke yake, yeye hana kosa.

Toka Aprili hukuandika. Nilizani ni barieri ya askari ku njia. Nilizani ni homa. Nikakuombea, mimi, mutu wa kusinzia mu sala! Kumbe!

Juzi Tuyizere aliniletea kifurushi ya majani ya ndizi kutoka kwa katekista Émile, yule kipofu anayenunua kwako toka duka yako ilikuwa meza tu. Ndani kulikuwa ganda ya fromaji, na karatasi aliyoandikisha mutu. Ninakuandikia yote, usome na wewe: «Muzee Kanyamibwa, nimekula Konokono miaka kumi na moja. Kila mara, mbele ya kukata, ninapitisha kidole chini yake, ninaanza katikati na kwenda kushoto mpaka mwisho, njo sala yangu ya chakula. Mara hii kidole ilipotea njia. Na ndani ni chungu. Umegombana na mukono wako?»

Nilipeleka ganda mu jua. Konokono inazunguka kuume. Nikasugua macho, nikaweka juu chini, nikarudisha. Kuume! Nikanusa: unga ya kopo. Nikatafuna: inanata kama mpira wa kiatu, na ni wewe mwenyewe ulinifundisha neno hilo. Fromaji ya Karangwa, imelala mu kitunga ya fundi wako, imevaa nguo ya mama yako mukubwa!

Wewe! Mwizi wa mbali mutu anamufungia mulango. Mwizi anayekula mu sahani yako, unamufungia nini? Mukandori alikubeba mugongoni toka siku tulimuzika papa yako. Alikupa maziwa ya ngombe wa kwanza, sisi tukakunywa ya mwisho. Nilikuonya kama Karangwa ataiba alama. Karangwa hakuiba! Alipewa, alikaribishwa, alinawishwa mikono! Mimi nilimufukuza ku mulango wa mbele na fimbo, wewe ukamufungulia ule wa nyuma.

Na unajua uliuza nini? Uliuza kidole ya Émile. Miaka kumi na moja ile kidole haikuuliza swali. Ilikuwa inatembea juu ya kazi yetu kama mutu anayetembea mu nyumba yake gizani. Sasa itauliza. Hata nikimupelekea ya kweli, itauliza. Hiyo njo ilikuwa mali, mupumbavu wangu, na hakuna fundi anaisuka kwa juma moja!

Ntoto sitatuma kitu tena. Hata moja. Usinijibu. Na kama unajibu, unijibu neno moja tu: kwa nini.

Kanyamibwa


Ntoto, 14 Julai 2024

Papa Mukubwa,

Salamu. Tuko wazima. Astrid ameota jino.

Ni kweli, sikatai. Fundi alisuka vitunga sita, Karangwa akavijaza, na nikauza kwa jina letu majuma matano. Nilifikiri nitatushikia nafasi sokoni mpaka urudi na zile kumi na mbili. Nilifikiri hakuna mutu anayetazama konokono anaelekea wapi. Baada ya Émile, vitunga vyote sita nilivichoma mbele ya duka, mchana, watu wakitazama, na kila aliyenunua nilimwambia kwamba nilimudanganya. Wengine walicheka. Wengine hawajarudi. Émile ni mumoja wao.

Sasa na mimi nina hasira, na utaisoma mpaka mwisho.

Uliniandikia barabara. Barabara, barabara, barabara. Tuyizere aliingia kwako kuchukua mzigo, akaona ubao wako: vitunga viwili. Viwili, Papa Mukubwa! Nilikuuliza ngapi, ukanijibu mbuzi. Mimi nilikuwa nasimama mbele ya watu ninalaumu barieri na mvua, kumbe ninasema uongo wako bila kujua. Ungeniambia ukweli mwezi wa nne, tungelia pamoja, kisha tungetafuta njia. Ulitaka nilinde kitu ambacho hukutaka nijue kwamba kinakufa.

Unauliza kwa nini. Iulize kamba.

Nilikuwa na miaka sita uliponifunga mukono wa kushoto kiunoni na kamba ya katani, ili nile na wa kuume, niandike na wa kuume, nisalimie wageni na wa kuume. Ulisema: «Wa kushoto mumoja anatosha mu nyumba.» Watu walicheka sana. Wewe unachekesha, Papa Mukubwa, kila mutu anajua. Kamba ile niliibeba miaka miwili.

Jambo usilolijua ni hili. Kila ulipopeleka ngombe malishoni, Mama Mukandori alinifungua, akanikalisha mbele yake, akanipa mwanzi, tukasuka. Akisikia kikohozi chako chini ya kilima, ananifunga tena, kifundo kile kile.

Najua kusuka konokono. Kama ningetaka kukuibia, ningeisuka mimi mwenyewe, na usingejua mpaka kufa, wala kidole cha Émile kisingejua. Nilijaribu. Mwezi wa tano nilikaa na mwanzi magotini, nikaanza katikati, na mukono ukakataa. Ndipo nikaenda kwa fundi.

Umepata jibu lako. Usiniulize lingine.

Verdiane


Rushabura, 1 Septemba 2024

Verdiane, mutoto wangu,

Barua hii nimeianza mara ine. Ya kwanza nilikutukana. Ya pili nilikutukana na adabu. Ya tatu ningetaka kusema mbuzi aliikula, lakini niliichana mimi mwenyewe.

Salamu basi. Magoti: mbaya. Ndama: mukubwa, anapiga teke. Maharagi: panya walishinda. Wewe na watu wako, mukae na uzima.

Ninaanza na Karangwa, sababu yeye njo rahisi. Unga yake ya kopo iliisha. Ilikuwa inapitia Goma, na njia bado imefungwa. Majuma matatu laiteri iko kimya, ngombe mwenye taji anatawala mabati. Wenye maziwa waliohamia kwake walirudi kwangu mumoja mumoja, wanatazama miguu yao. Wawili tu niliwarudishia unyasi. Kisha Karangwa mwenyewe akapanda kilima, bila telefone, kuniomba tumbo ya ndama. Nilimupa. Unashangaa? Nilimuonyesha hata namna ya kuikausha juu ya moshi. Kila ndama iko na tumbo, hiyo si siri, ni kazi tu, na kazi yeye haipendi. Akanywa kasiksi yake, akauliza: «Na vitunga, muzee?» Nikasema: «Vimeisha.» Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo linapita mu kinywa yangu. Lilipita kama mufupa.

Ndiyo. Viwili. Tena kimoja kimepasuka ubavu, nimekifunga na waya. Siku ya ile mvua ya mawe Bihogo aliingia ndani kujificha, akavilalia. Ngombe akilala juu ya urithi yako haoni hata haya. Vingine panya. Nilikuwa ninavihesabu kila asubuhi na kunyamaza, sababu mutu akisema Mukandori amebaki viwili, kesho atasema amebaki kimoja, na kesho kutwa atasema nini?

Bado niko na hasira na wewe, usizani. Kidole ya Émile uliiuza, na utaitafuta ukitembea na magoti. Lakini hasira yangu ilikuwa inakwenda Ntoto kila siku, na toka nimesoma barua yako inafika katikati ya njia, inageuka, inarudi hapa. Nilipiga kifua mbele ya Karangwa, mbele ya wewe, mbele ya mbuzi: mukono wa kushoto hawezi kununua! Na mukono wenyewe ulikuwa mu nyumba yangu, umekaa ku meza yangu, umefungwa na kamba yangu. Mimi njo nilikuwa ninaiba, miaka yote ile, tena nilikuwa ninajiibia. Kuficha na kulinda nilizani ni neno moja. Hata fromaji ukiifunga mu plastiki inang'aa nje, ndani inaoza. Hiyo mu semina waliwaambia?

Na Mukandori! Mwizi ule! Miaka miwili anafungua kifundo yangu na kuirudisha, na jioni ananiwekea ugali na uso wa malaika! Nilienda ku kaburi kumugombeza. Nilimugombeza vizuri, na sauti, mpaka jirani wakaacha majembe wakaja kusikiliza. Hakujibu. Alikuwa vile vile hata mu uzima.

Jumapili iliyopita, sikukuu ya mavuno, watu walipotoka misa nilisimama ku mulango wa kanisa na kusalimia kila mutu na mukono wa kushoto. Mama Solange alivuta wake kama ameshika nyoka. Mukubwa wa kwaya akaninusa kinywa: «Kanyamibwa, umelewa asubuhi hii?» Nikamwambia: «Hapana. Ninaomba musamaha, na mwenye ninamuomba hayuko hapa.» Walicheka. Mimi ninachekesha, ni wewe ulisema. Lakini nilisalimia mpaka mutu wa mwisho, na mimi sikucheka.

Tuyizere anakuletea fungu ya mwanzi. Niliupasua mwenyewe, nyembamba, nikauloweka siku tatu. Ndani ya fungu iko kitunga ya mama yako mukubwa, ile nzima. Mimi nimebaki na ile ya waya. Sikuombi kitu. Mwanzi ukikauka, uuloweke tena. Ao uwashie moto, upike sombe.

Kanyamibwa


Rushabura, 10 Novemba 2024

Verdiane,

Salamu kwanza, hata kama hustahili. Magoti iko. Ndama tumemuita Semina, sababu anapiga kelele sana na hatoi maziwa.

Kitunga ilifika. Moja. Mupya. Na ndani hukuweka barua! Nilitafuta, nikapindua, nikatikisa, nikamutikisa na Tuyizere. Hata «jambo» moja hakuna. Miezi mbili ninangojea, ninakohoa ku mulango kila nikisikia pikipiki, na wewe unanitumia kitunga yenye kunyamaza kama mwenye kuisuka!

Niliipeleka mu jua. Inazunguka kushoto.

Nikaitazama duara kwa duara, nitafute mahali pa kukutukana, na nikapata: duara ya tatu imepinda kidogo, kama mutu aliyejikwaa akaendelea kutembea. Nikafurahi sana. Nikasema, mutoto huyu bado anakosea! Kisha nikachukua ile ya waya, ya Mukandori. Duara ya tatu. Imepinda vile vile, mahali pale pale. Miaka makumi tatu ninaosha kitunga ile na sikuona. Alikufundisha mpaka kosa yake, na wewe ukaibeba mpaka Ntoto bila kuangusha.

Karangwa apige picha anavyotaka.

Asubuhi nimemwaga ndani maziwa ya kwanza. Itatoka mu Januari. Si mbele, hata ukilia. Ya kwanza haiuzwi. Umupelekee Émile, umukalishe vizuri, na ufunge kinywa yako, usimwambie imetoka wapi. Mwache kidole iende. Ikifika mwisho bila kuuliza, uniandikie. Ikiuliza, uniandikie pia. Nitakutukana kurasa mbili, kisha tutaanza tena. Mwanzi mwingine uko ndani ya maji.

Ninajua unaona maandiko haya na kusema muzee amelewa, ao macho imekufa. Hapana. Mukono wa kuume nimeufunga kiunoni na kamba ya katani. Habineza, aliyerudi kwangu, njo alinifunga, na niliapa siufungui mpaka barua iishe. Nimemwaga chai. Nimejipiga na kijiko mu jicho. Mbuzi alikuja akanitazama akaenda zake, hata yeye amenihurumia. Leo ni siku ya ine, na ni hii karatasi moja.

Wewe ulibeba miaka miwili.

Kanyamibwa